Mjomba wa Roki na Chungu Kilichonuna

Nianze na lile nililolikana kwa zaidi ya miaka thelathini: mimi ndiye niliyekipaka mafuta chungu cha bibi. Si panya, si mizimu, wala si mkono wa mwanamume. Ni mimi, kwa vidole vyangu hivi, nilipokuwa darasa la tano. Mama aliponiuliza nilikana. Padri nilimkwepa kwa njia rahisi ya kuungama dhambi nyingine. Na nilipofika chuo kikuu nikakana kwa maandishi, tena yenye tanbihi.

Hujui habari za chungu hicho, na si kosa lako. Hata kwetu wanaozijua wamebaki wachache. Mimi mwenyewe nilishaanza kujizoeza kuzisahau, hadi Juni hii niliporudi Sumbawanga kwa mama na kualikwa kwenye harusi ya binti wa jirani hapo Mazwi. Ukumbini kulikuwa na spika zenye kimo cha mtu na keki iliyohitaji ngazi. Katikati ya hayo wakaingia akina mama watano wenye vitenge vya sare, wamebeba vyungu na vigoda. Nikaweka soda yangu chini. Walipiga vizuri, ingawa kipaza sauti kilisogezwa karibu mno na vyungu vikawa vinakoroma kama lori linalopanda mlima. Kijana mmoja akainuka kwenda kujaribu. Mshereheshaji akamkemea.

"Mshikaji, rudi! Huko mwanamume haruhusiwi. Hujasikia yule mzee wa Chala aliyekigusa chungu kikakauka sauti mbele ya wakwe? Tena si hadithi hiyo, hata chuo kikuu wameiandika!"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mzee wa Chala ni mjomba wangu. Na aliyeiandika chuo kikuu ni mimi.

Kijiji cha bibi mzaa mama kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chala, juu penye nyasi, mahali ambapo upepo wa Juni unapita bila kugonga mti wowote hadi ukukute wewe. Likizo zote za kiangazi nilipelekwa huko. Nikifumba macho leo, kinachonijia kwanza ni baridi ya sakafu ya udongo, halafu harufu ya ugali wa ulezi na mgebuka, samaki mkavu wa ziwani, aliyechomwa kidogo kabla ya kupikwa. Kinachofuata ni mlio wa jiwe. Bibi alisaga ulezi kwa jiwe kila alfajiri, amepiga magoti, na sisi wajukuu tuliamka kwa mlio huo kama watoto wa mjini walivyoamka kwa redio.

Lakini mwaka ninaokusimulia, majirani walikuwa wameshaacha kusaga. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tuliokuwa tumezoea kugawana kipande cha sabuni kwa kisu tulianza kuona sabuni za rangi tatu. Mitumba ilifika hadi mnadani, na mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya alifunga mashine ya dizeli ya kusaga nafaka, karibu kabisa na kijiji chetu. Niliipenda mashine ile. Ilinuka kimjini. Bibi aliponiita nipige magoti kando yake kwenye jiwe, nilikuwa tayari nimejitwika debe.

"Nenda," aliniambia siku moja. "Unga utaupata. Mkono hutaupata."

Sikumwelewa, wala sikujaribu. Nilijua tu kwamba bibi alikuwa kiongozi wa akina mama wanaopiga vyungu kwenye harusi, na jambo hilo nilikuwa silitaji shuleni. Chungu kikubwa hufudikizwa juu ya ngozi ya mbuzi, kitako juu. Kigoda cha miguu mitatu hupinduliwa kikalazwa hapo, miguu ikitazama dari. Mpigaji hupiga magoti, hushika miguu ya kigoda na kuivuta na kuizungusha, mti ukisugua udongo. Majivu kidogo hunyunyizwa ili kishike. Sauti inayotoka huisikii kwa masikio kwanza, unaisikia kwenye goti. Ni kama radi iliyo mbali, ng'ambo ya bonde la Rukwa, inayojiuliza kama ije au isije. Juu ya radi hiyo wanawake huimba. Wanaume hukaa nje wakanywa pombe yao.

Huo ndio muziki niliouonea haya. Niliyejivunia alikuwa mjomba.

Mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa bibi, aliondoka kijijini kijana na kwenda kwenye miji ya shaba Zambia. Migodini alikaa miezi miwili. Baada ya hapo alipiga gitaa la umeme kwenye mabendi ya roki, miaka kumi na tano, kwenye kumbi ambazo kwa maelezo yake zilijaa watu wenye nywele za mviringo kama masinia. Alirudi mwaka huo akipitia mpaka wa Kasesya, juu ya lori, na gitaa jekundu lililochubuka, amplifaya nzito kama kreti, betri ya gari, na viatu vya visigino virefu vilivyofungwa kwenye gazeti. Mabendi ya roki yalikuwa yamekufa, alisema. Watu wanataka rumba na disko. Alikuwa na umri ambao leo mimi nauita ujana.

Alimletea kila mtu zawadi. Mimi nilipata kopo la mafuta ya mgando ya kupaka, yenye harufu ya waridi. Sijui kama unakumbuka ladha ya kumiliki kitu ambacho hakuna mwingine anacho kijiji kizima. Nilijipaka kwa kipimo cha ncha ya kidole kimoja na nililala nalo chini ya mto.

Wiki ya kwanza mjomba alipiga roki uani. Kuku walikimbia, mbuzi walikata kamba, na bibi alikaa mlangoni akichambua maharage, ametulia kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nami niliandika barua Mazwi kwa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Nilimwambia mama yangu mdogo anaolewa Chala mwishoni mwa likizo, na mjomba wangu, mwanamuziki wa kimataifa, atapiga gitaa la umeme. Njoo uone mwenyewe. Rafiki akajibu kwamba wazazi wake wamekubali, watakuja.

Halafu betri ikaisha.

Mwenye mashine ndiye angeweza kuichaji, lakini alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta kipuri. Mjomba akakaa na gitaa bubu magotini, akilikwaruza. Ndani bibi na wenzake wawili walikuwa wanajizoeza kwa ajili ya harusi. Nilimwona mjomba akiacha kukwaruza. Akainua kichwa. Akasimama, akaenda hadi mlangoni, akajishika kwenye mhimili.

"Mama, rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo ulipoenda chini."

Bibi akarudia. Mjomba akacheka, kicheko cha mtu aliyepata funguo mfukoni mwake baada ya kuwashutumu watu wote. "Miaka kumi na tano naitafuta besi hii kwenye spika! Nimegombana na wapiga besi wanne. Kumbe iko huku jikoni."

Akaomba kufundishwa. Mmoja wa wenzake bibi, mama mfupi mwenye sauti kubwa, akaweka kigoda chini. "Mwanamume? Chungu kitanuna. Mama yangu aliniambia, na mama yake alimwambia."

"Kikinuna tutakibembeleza," bibi akasema. Kisha akamtazama mwanawe muda mrefu. "Wasichana wote wamekimbilia mashine. Huyu ameomba. Nimfanyeje?"

Ndipo akatoa sharti lake. Kigoda hakifundishwi na mtu, kinafundishwa na jiwe. Mvuto ule ni uleule wa kusaga: bega linatulia, kiwiko kinakwenda, kiganja kinasikiliza. Atakayetaka kupiga na asage kwanza. Msichana husaga tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba amefundishwa. Mjomba, mpiga roki mwenye vidole sugu, alipiga magoti kesho yake alfajiri mbele ya jiwe, na sote tuliosikia mlio ule tukajua si bibi. Ulikuwa unakwama kama punda.

Habari ilienea kabla ya uji. Jirani aliyekuwa na baiskeli alianza kupita njia ya uani kwetu ingawa shamba lake lilikuwa upande mwingine.

"Shemeji! Ugali tayari?"

"Bado. Mwambie mkeo asubiri, nitamletea na mboga."

"Ndiyo waliyokufundisha Zambia?"

"Zambia walinifundisha gitaa. Hili gumu zaidi. Shuka baiskeli ujaribu."

"Mimi nina mke, bwana."

"Na mkeo ana mashine. Hapa anayesaga ni mimi peke yangu."

Akina mama wa vyungu wakamwita mwali. Wakija asubuhi walisalimia, "Mwali wetu ameamkaje?" naye akajibu kwa sauti nyembamba, "Shikamooni mama zangu," wakaanguka kwa kicheko. Kwenye wiki ya pili viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Kwenye ya tatu jiwe liliacha kukwama. Siku hiyo bibi alimpa kigoda bila kusema neno, na mjomba akavuta, na chungu kikasema. Nilikuwa nje nikisuka mkeka wa wanasesere. Nilikisikia kwenye goti.

Ungedhani nilifurahi. Lakini mjomba alitoka akiwa na unga kwenye nyusi akatangaza kwamba harusini hatapiga gitaa. Atapiga magoti na mama zake. Mwenye mashine alisharudi, betri ilishajaa, na hakujali. Nikaona picha yote: rafiki yangu akishuka Chala kwa gauni lake jipya ili kuonyeshwa mwanamuziki wa kimataifa, na mwanamuziki wa kimataifa yuko kwenye ngozi ya mbuzi, anaitwa mwali. Nikaona na dawati letu likipata habari. Kulikuwa na kitu kingine pia, ambacho nimekielewa ukubwani na bado sikipendi. Jiwe lile lilikuwa langu. Sikulitaka, lakini nilipoona mwingine amelichukua niliumia.

Siku moja kabla ya harusi niliingia ghalani bibi na wenzake walipokuwa wamekwenda kuteka maji. Chungu kilikuwa kimefudikizwa pembeni, kando ya kihenge cha ulezi. Maneno ya yule mama mfupi yalikuwa yananilia masikioni: kitanuna. Nilichota mafuta ya waridi, vidole viwili vizima, mimi niliyejipaka kwa ncha, nikayasugua kwenye kitako cha chungu hadi udongo ukayanywa. Nikarudia. Sikuwa na dhamira ya kumdhuru mtu. Nilitaka tu chungu kikatae, ili mjomba arudi kwenye gitaa. Watoto ni wanasheria wabaya.

Chala siku ya pili yake, uani kwa wakwe, wanawake walipanga ngozi zao. Kila mtu alinukia kitu. Miaka hiyo marashi yalikuwa yamerudi madukani na watu walikuwa wanalipiza. Rafiki yangu alisimama kando yangu. Bibi akatoa ishara. Vyungu viwili vikaanza kunguruma, na mjomba, akiwa na shati jeupe, akainamia cha bibi, kile kikubwa, akavuta.

Kigoda kikateleza. Hakikutoa sauti yoyote, kama sabuni juu ya sabuni. Akanyunyiza majivu, akavuta tena. Nilimwona akisita, amekiinamia, pua karibu na udongo. Kisha akainua uso na kuutazama umati, polepole, hadi akanifikia. Nikatazama viatu vya rafiki yangu.

"Tulisema!" yule mama mfupi akapaza sauti. "Kimenuna! Tulisema!" Wanaume wakacheka kule nje, na jirani wa baiskeli akacheka kuwazidi wote. Upande wa wakwe haukucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana chungu kunyamaza harusini si dalili ya kuchezewa. Bibi akainama, akakigusa chungu kwa kiganja, akakifunika na kanga yake. "Kimenuna," akasema. "Basi. Leteni gitaa."

Lilikuwa limekuja na mizigo ya harusi, betri na yote. Mjomba akapiga. Akalipiga vizuri mno, roki yote ya miaka kumi na tano, na watu wakacheza, na rafiki yangu akaniambia kweli hukudanganya. Nilipata kila nilichokitaka siku ile. Wali na nyama vilipokuja nilimpa rafiki yangu sahani yangu.

Kesho yake bibi alitutuma watoto wote shamba la mbali kupukuchua maharage. Tuliporudi, nyuma ya nyumba kulikuwa na duara la majivu na harufu ya kinyesi cha ng'ombe kilichochomwa. Nilipouliza alisema amechoma takataka. Siku ya tatu mjomba alipanda lori kurudi Kasesya na ng'ambo. Alibeba gitaa mgongoni na mzigo mkubwa wa mviringo uliozungushiwa blanketi, nikadhani ni amplifaya. Amplifaya niliikuta ghalani likizo iliyofuata, kuku ametagia ndani. Unaona jinsi mtoto asiyetaka kujua anavyoweza kukaa na ushahidi. Wanawake walipouliza chungu kiko wapi, bibi alisema amekivunja.

Mjomba hakurudi kuishi. Habari yake ilibaki, ikakua, ikapata wakwe wengi zaidi na chungu kikubwa zaidi. Bibi akafa nikiwa sekondari. Chuo kikuu nikahitaji mada ya tasnifu, nikaandika juu ya miiko ya muziki wa wanawake wa kwetu Ufipa, na katika sura ya tatu nikaeleza tukio la Chala kama uthibitisho wa nguvu ya mwiko, kwa mujibu wa "shahidi aliyekuwepo." Msahihishaji akaandika pembeni: mfano mzuri sana. Nimefundisha kwa cheti hicho.

Siku hizi kijiji cha bibi kina mashine tatu za kusaga. Anayepiga magoti alfajiri kwenye jiwe hayupo, na wale mama watano wa ukumbini, niliowauliza baadaye, walijifunza kwa video ya simu. Sauti wanaipata, lakini mkono hawana, nami sina haki ya kuwasema. Jiwe la bibi liko Mazwi, sebuleni kwa mama. Linazuia mlango usibamizwe na upepo.

Nilikuwa natazama jiwe hilo asubuhi baada ya ile harusi ya ukumbini, nilipoipiga namba ya mjomba. Mama alikuwa nayo siku zote. Mimi sikuwahi kuiomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja. Nikasema yote bila kupumua: mafuta, ghala, rafiki, vidole viwili. Nilipomaliza nilisikia jogoo upande wake wa mpaka.

"Waridi," akasema. "Kopo nilinunua mwenyewe. Ulidhani nina mafua?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijanyanyua pua. Na mama, bibi yako, alijua. Ndiyo akakichoma upya kesho yake, mafuta yakaungua. Akanipa. Kiko hapa, ndiyo besi yangu hadi leo, watu wanadhani ni spika."

"Kwa nini hamkusema? Wamekucheka miaka yote hii."

"Mama ndiye alisema tunyamaze. Aliniambia hivi: mwanamume akisemwa atapanda lori. Msichana akisemwa na wanawake kwamba ameua chungu, hatakalishwa kwenye ngozi yao tena maisha yake. Tumtunzie nafasi yake."

"Mjomba, sikuwahi kukaa kwenye ngozi hiyo."

"Najua. Hasira yangu ni hiyo. Mafuta nilishasamehe kabla lori halijafika Kasesya." Akakohoa. "Na huyo mpumbavu aliyeandika chuo kikuu kwamba niliua chungu, unamfahamu? Mwambie afute."

"Ni mimi, mjomba."

Akacheka hadi mtu akaja kumpa maji, nilisikia kikombe. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Jiwe la mama liko wapi?"

Nikamwambia ukweli, mlango na yote.

"Liondoe."

Nikalisukuma kwa mguu.

"Kwa mikono," akasema, sijui alijuaje.

Nikaweka simu sakafuni, nikapiga magoti, nikalikumbatia jiwe la bibi na kulivuta hadi katikati ya sebule. Upepo ukaukamata mlango na kuubamiza, vikombe vya mama vikalia kabatini. Nikaokota simu.

"Nimesikia," mjomba akasema. "Sasa tafuta ulezi. Nakuja na chungu." Akakata.